Kiwanda Kilichofungwa Bado ni Mali ya Umma



Mjini Muyinga, kaskazini mashariki ya Burundi, kuna maktaba iliyojengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa moto. Ilijengwa mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi, na ikaelekezwa pia kwenye njia ili watu wa mji nao wapate kuingia na kusoma. Mpita njia huona nguzo zilizopangwa karibu karibu, paa la vigae, na baraza ndefu yenye kivuli. Asichokiona kwa macho ni historia ya yale matofali. Yalitoka katika mashine mbili za kushindilia udongo, za aina iitwayo Terstaram, ambazo zilikuwa zimelala chini ya vumbi kwa muda wa miaka ipatayo 15.

Mashine hizo hazikuwa na kasoro kubwa. Hakuna aliyezivunja, wala hakuna aliyezikata na kuziuza kwa kilo kama chuma chakavu. Ziliachwa tu, na watu wakazoea kutoziona. Walipofika wasanifu wa majengo wa ofisi ya BC ya mjini Brussels, wakashirikiana na wenyeji kutafuta vifaa vya ujenzi vipatikanavyo palepale, mashine zile zikatolewa, zikafutwa vumbi, zikaanza kazi. Watu wanne waliweza kutoa hadi matofali 1,100 kwa siku, kila moja lenye urefu wa sentimita 29, upana wa sentimita 14 na kimo cha sentimita 9. Tofali la namna hiyo halihitaji tanuri wala kuni, na katika nchi ya vilima vilivyokwisha kuvuliwa miti, jambo hilo si dogo.

Habari hii ya Muyinga inafaa kutafakariwa na kila askari aliyepata kupewa lindo kwenye lango la jengo lisilokuwa na kazi. Mara nyingi mlinzi huyo hujiuliza analinda nini. Ndani hakuna mashine inayozunguka, hakuna bidhaa, hakuna fedha. Kuna kuta, kuna bati, kuna majani yaliyoota ndani ya ua. Hata hivyo, kama vumbi la miaka 15 halikuziua mashine za Muyinga, ni kwa haki gani mtu aseme kwamba ghala lililofungwa au kiwanda kilichonyamaza kimekwisha kufa? Kilichofungwa kimepoteza kazi yake ya kwanza tu. Hakijapoteza mwenyewe, na mwenyewe ni umma.

Burundi inayo majengo ya kazi kila upande, na mengi yanahusika na zao moja, yaani kahawa. Kahawa ililazimishwa mashambani wakati wa utawala wa Wabelgiji, na katika miaka ya 1980 vituo vya kuoshea kahawa vilijengwa kwa wingi juu ya vilima. Baadaye makampuni ya SOGESTAL yakavisimamia, mojawapo ikiwa ya Kirimiro, upande wa Gitega, na nyingine ya Kirundo na Muyinga. Kuanzia mwaka 2009 baadhi ya vituo viliuzwa kwa watu binafsi. Kila mabadiliko ya namna hiyo huleta swali lilelile. Kituo kikipata mwenye kukiendesha, heri. Kikikosa, nani atakitazama?

Msikilizaji aliyekulia kilimani anakijua kituo cha kahawa. Pana mashine ya kumenyea, matangi ya zege ya kuchachushia, mifereji ya kuoshea, meza za kuanikia, ghala, na maji yaliyovutwa mpaka hapo kwa gharama kubwa. Pana uwanja uliosawazishwa, na katika nchi ambayo ardhi tambarare hutafutwa kwa taa, huo peke yake ni utajiri. Pana njia ambayo gari linaweza kupita. Mambo hayo yote ndiyo ambayo tarafa hulipia kwa shida inapotaka kujenga soko dogo, ukumbi wa mikutano, chumba cha kusomea au kiwanja cha vijana. Hapo yamekwisha kulipiwa. Yalilipwa kwa jasho la mkulima, aliyepeleka kahawa yake kwa kikapu msimu baada ya msimu.

Ni kweli kwamba kituo cha kahawa hulala sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuwa mavuno yana msimu wake, na aliyelala siye aliyekufa. Ni kosa kubwa kukivamia kiwanda ambacho kinangoja kazi. Kiwanda cha nguo cha COTEBU mjini Bujumbura kilifungwa katika miaka ya 2000, na watu wengi wakakihesabu kuwa kimezikwa. Kazi ya nguo ilirudi baadaye humohumo, chini ya kampuni ya Afritextile. Kama kuta zingalikuwa zimeng'olewa na bati kugawanywa, kazi hiyo ingerudi wapi? Kwa hiyo hatua ya kwanza katika kampeni ya kuokoa majengo ya kazi ni kulihifadhi jengo likiwa zima, na hatua ya pili ni kuamua litumike kwa jambo gani. Anayeruka hatua ya kwanza hana la kuamua katika ya pili.

Inafaa kueleza jinsi jengo la namna hiyo linavyokufa, maana haliangushwi na uzee. Kwanza kufuli huvunjwa, na hakuna anayeuliza. Kisha nyaya za umeme huvutwa, kwa kuwa shaba ina bei. Kisha milango na madirisha huondoka. Hatimaye mtu hupanda juu usiku akang'oa bati moja la kuezekea banda lake. Tangu siku hiyo mvua huingia. Mbao za kenchi huoza, ukuta hunywa maji, nyufa hufunguka, na katika misimu michache jengo lililosimama miaka 40 huwa hatari kwa mtoto anayepita chini yake. Ndipo husemwa kwamba halifai tena na lazima libomolewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ni bati moja, na ukuta ni gharama ya kujenga upya kila kitu.

Mjini Gitega jambo hili lina uzito wa pekee. Wajerumani waliuteua mji huo kuwa makao ya utawala wao mwaka 1912. Mwaka 1955 ikaanzishwa huko Makumbusho ya Taifa. Mwezi wa Januari 2019, kwa sheria ya Bunge, Gitega ukawa mji mkuu wa kisiasa wa Jamhuri. Mji unapokuwa mkuu, wizara hutaka ofisi, wafanyakazi hutaka nyumba, na wenye fedha hutaka viwanja. Kila ghala kuukuu huanza kutazamwa kwa jicho la bei ya ardhi iliyo chini yake. Hakuna ubaya katika kujenga. Ubaya huja pale mji unapojengwa mpaka ukakosa mahali ambapo mwananchi asiye na fedha anaweza kuketi, kukutana na wenzake, kucheza au kusoma bila kuulizwa amekuja kununua nini. Mahali pa namna hiyo pakikwisha kuuzwa, hapanunuliki tena. Kwa hiyo Gitega unao wakati mfupi wa kuamua ni majengo gani ya zamani yatabaki kuwa ya watu wote, na wakati huo ni huu wa sasa, kabla shoka halijainuliwa.

Je, jambo hilo limepata kufanyika kwingine, au ni ndoto ya wasomi? Nchi jirani zina jibu. Mjini Nairobi, mwaka 2003, ghala la zamani katika eneo la viwanda, kwenye barabara ya Dunga, liligeuzwa kituo cha sanaa. Wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki walipata nafasi mahali palipokuwa pa magari na grisi, na kituo kikachukua jina lake kutokana na godauni lenyewe: The GoDown. Mjini Dar es Salaam, mwaka 2008, kituo cha Nafasi kilianza kazi ya namna hiyohiyo katika magodauni ya Mikocheni. Huko nako hapakuhitajika jumba la marumaru. Yalihitajika kuta, paa, na uamuzi.

Mbali zaidi kusini, katika bandari ya Cape Town, lilisimama ghala la nafaka lililokamilishwa mwaka 1924, lenye kimo cha mita 57. Mahindi yalipoacha kupita hapo, lingeweza kubomolewa kama minara mingi ya dunia. Badala yake matumbo yake ya zege yalikatwa kwa ustadi, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho ya sanaa ya Afrika ya siku hizi. Katika nchi ya Ujerumani, mjini Duisburg, kiwanda cha kuyeyushia chuma kilifungwa mwaka 1985. Wenyeji walipinga kisibomolewe. Leo matanuri yake yamezungukwa na bustani ya wote iliyobuniwa na Peter Latz. Kuta za mashimo ya kuwekea madini zimekuwa mahali pa kujifunzia kupanda miamba, na tangi kubwa la gesi limejazwa maji, wazamiaji hujizoeza ndani yake. Msikilizaji mwanajeshi atatambua mara moja thamani ya mazoezi hayo.

Lakini mfano wenye mafunzo kuliko yote ni ule wa Brazili. Mjini São Paulo kulikuwa na kiwanda cha mapipa kilichokwisha kazi. Shirika la SESC lilikinunua likiwa na nia ya kujenga kituo cha starehe na michezo kwa wafanyakazi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 msanifu Lina Bo Bardi akapewa kazi hiyo. Alipokwenda kukitazama, alikuta watu wa mtaa wamekwisha kuingia. Watoto walikuwa wakicheza mpira, akina mama wakiandaa chakula, wazee nao wakiwamo. Bo Bardi akaona kwamba wananchi wamekwisha kulichagua jengo na kazi yake. Akazihifadhi kuta za kiwanda, akaongeza palipopungua, na mwaka 1982 kikafunguliwa. Mpaka leo kinajaa watu.

Mfano huo unamgusa askari moja kwa moja. Vijana wanapoingia ndani ya ua wa kiwanda kilichoachwa, amri ya kwanza inayomjia mlinzi ni kuwafukuza. Huenda amri hiyo ni ya haki, kwa sababu ya usalama wao. Lakini askari mwenye akili hawezi kuishia hapo. Atatazama wanafanya nini. Wanaong'oa bati na wanaopiga mpira hawafanani, na kuwaweka wote katika kundi moja ni kuufunga mlango kwa walinzi wa kesho. Jengo ambalo watu wanalipenda lina macho 1,000 ya kulilinda, na lile walilozuiwa kulikaribia lina mlinzi mmoja tu, naye husinzia alfajiri. Taarifa ya polisi inayosema kwamba vijana wa kilima fulani hawana kiwanja, na kwamba ua fulani umekaa bure, yaweza kuwa na manufaa kuliko taarifa kumi za kufukuza watu.

Hata hivyo haifai kuficha hatari. Majengo ya viwanda huacha sumu. Mjini Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi ulipofungwa mwaka 1994, na udongo wa mji huo umeendelea kuwadhuru watoto kwa madini ya risasi miaka mingi baada ya mgodi kunyamaza. Hata katika nchi tajiri, kule Seattle nchini Marekani, kiwanda cha gesi kilichofanywa bustani mwaka 1975 kilibidi kuchunguzwa udongo wake, na bustani ikafungwa kwa muda mwaka 1984. Kwa hiyo kabla ya mtoto kuruhusiwa kuingia, wataalamu lazima wapime ardhi na maji, watazame mafuta ya transfoma za zamani, vigae vya asbesto, mashimo yasiyofunikwa na kenchi zilizolegea. Na katika nchi iliyopitia vita, kazi ya kuhakikisha kwamba hapana kombora wala risasi iliyoachwa nyuma ni ya wanajeshi wenye ujuzi, si ya mtu mwingine yeyote. Anayefungua lango kwa haraka ili asifiwe, huku hajapima, amewatendea watu vibaya kuliko aliyelifunga.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye mahitaji mengi haina nafasi ya kufikiria bustani na kumbi, na kwamba afadhali chuma kiuzwe, fedha zipatikane. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini hesabu yake ni fupi. Chuma huuzwa mara moja. Aliyekikata hupata kidogo, mchuuzi hupata zaidi, na tarafa hubaki na shimo. Baada ya mwaka mmoja tarafa hiyohiyo huomba msaada wa saruji, mabati na nondo ili ijenge ukumbi. Vifaa hivyo hupandishwa vilimani kwa malori, kwa mafuta ya bei ghali, ili kujenga kitu ambacho tayari kilikuwapo. Maktaba ya Muyinga inatoa hesabu tofauti. Udongo ulikuwa wa hapo, mikono ilikuwa ya hapo, kamba za katani zilizosokotwa kuwa kitanda kikubwa cha watoto kulalia na kusoma zilikuwa za hapo, na mashine zilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuuliza, vitu hivi vina kazi gani?

Yapo basi mambo ambayo askari na polisi wa Gitega, wa Muyinga na wa mahali pengine popote wanaweza kuyafanya bila kungoja fedha kutoka nje.

La kwanza ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayepokea lindo la jengo lililofungwa na aandike alichokikuta: milango mingapi, mabati mangapi, mashine gani na ziko katika hali gani. Anayemfuata na ahesabu upya mbele yake. Utaratibu huo askari anaujua vema, kwa kuwa ndio unaotumika kwenye ghala la silaha. Mashine ya umma haistahili hesabu hafifu.

La pili ni barabara. Chuma kikubwa hakisafiri mfukoni. Hupita kwa gari, na gari hupita kwenye vizuizi, iwe ni njia ya kwenda Bujumbura au ile inayotoka Muyinga kuelekea mpaka wa Kobero na Tanzania. Mashine iliyokatwa vipande, nyaya zilizochunwa, mabati yaliyotumika yaliyopakiwa usiku, yote yanastahili swali moja la adabu: yametoka wapi, na karatasi iko wapi? Polisi anayepokea kitu kidogo ili asiulize swali hilo ameuza maktaba ya watoto asiowajua.

La tatu ni kazi za pamoja. Kila Jumamosi asubuhi raia na askari wa Burundi wamezoea kushika majembe pamoja. Kufyeka ua wa jengo la umma, kuzibua mifereji ili maji yasizame kwenye msingi, na kurudisha bati lililopeperushwa na upepo, hizo ni kazi za nusu siku ambazo huongeza umri wa jengo kwa miaka. Uamuzi wa matumizi yake ni wa tarafa na wa wenyeji kwa mujibu wa sheria, na askari hawezi kujifanya msemaji wao. Lakini anaweza kuhakikisha kwamba siku ya uamuzi ikifika, jengo litakuwa bado lipo.

La nne ni kujua kuondoka. Burundi ilituma wanajeshi wake Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, AMISOM, tangu mwezi wa Desemba 2007. Waliotumikia huko wanakumbuka jinsi viwanja na majengo ya Mogadishu yalivyogeuzwa kambi kwa sababu ya vita. Uwanja mkuu wa michezo wa mji huo ulikuwa miongoni mwao. Mwezi wa Agosti 2018 jeshi hilo liliukabidhi kwa wenyewe, na tarehe 30 Juni 2020 ukafunguliwa tena kwa ajili ya mpira. Jeshi lililoushika uwanja wakati wa hatari na kuurudisha wakati wa utulivu limefanya kazi mbili, na ya pili haina heshima ndogo kuliko ya kwanza. Vivyo hivyo askari anayelinda ghala la Gitega au kituo cha kahawa cha Muyinga anashika amana ya watu, na mwisho wa amana ni kurudishwa.

Siku mashine za Muyinga zilipoanza tena kutoa matofali, hakukuwa na gwaride wala mizinga. Watu wanne walisimama juani wakijaza udongo, wakivuta mkono wa chuma, wakitoa tofali, wakilipanga kivulini likauke. Kutokana na kazi hiyo mtoto asiyesikia sauti ya mwalimu amepata mahali pa kuketi na kitabu. Inawezekana kwamba katika miaka yote ile ya vumbi kulikuwa na mlinzi fulani, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyeona mashine mbili kuukuu kila asubuhi na hakuruhusu zibebwe. Kama alikuwapo, alikuwa akilinda maktaba bila kujua. Askari wa leo hana udhuru wa kutojua.